Papa, Wanauliza Kwa Nini Sikuyamwaga Maji Yale

Mpendwa Papa, baba yangu,

Kuna mtu nisiyemjua jina wala sura ameniuliza swali, na ninatakiwa kulijibu kabla ya Ijumaa. Leo ni Jumatano. Nimeketi barazani kwetu hapa Mabanga, Goma, kompyuta iko mapajani, Mama anachambua maharage, na kila baada ya dakika chache ananitupia jicho kama mtu anayeona chungu kinachelewa kuchemka. Nilifika juzi nikipitia Kigali na mpakani, maana ndege hazitui tena Goma. Nimekuja kwa ajili ya kuondoa kilio chako, kumaliza matanga, Jumamosi. Badala ya kumsaidia Mama kutafuta viti kwa majirani, ninahangaika na swali la mtu mmoja. Ungekuwapo ungevuta kiti karibu na kuniambia nilisome tena, polepole.

Ngoja nikueleze, maana mara ya mwisho tulipoongea mambo haya yalikuwa bado mabichi. Tumeandika makala kuhusu chembe za vumbi la Mwezi, mimi na Madame na wenzetu wa maabara. Madame ndiye profesa wangu kule Ubelgiji, yule uliyemwita "bibi ya mawe". Kabla makala ya namna hiyo haijatoka, husomwa kwanza na wataalamu ambao majina yao hufichwa, na kazi yao ni kutafuta penye ufa. Wawili waliridhika. Wa tatu akaandika hivi: maji yaliyosuuzia chembe hizi yalihifadhiwa; kwa nini? Hakuna utaratibu wa maabara unaotaka hivyo. Madame akanitumia swali hilo likiwa na mstari mmoja tu chini yake, kwamba jibu ni langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika chupa.

Nikijibu vibaya, watasema maji yale si ya kuaminika, na bila maji yale hatuna ugunduzi wowote. Nikisema kweli yote, kila msomaji wa mawe duniani atajua kwamba mwanafunzi mmoja kutoka Goma aliosha kwa makosa vitu ambavyo havipatikani dukani. Nafasi yangu ya kuendelea na masomo ya udaktari, ule wa vitabu na si wa hospitali, inaning'inia hapo hapo. Sasa unaona kwa nini Mama ananitupia jicho.

Barua hii naiacha wazi. Majirani wa avenyu yetu waisome wakitaka, hasa wenzako wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumia mizigo, ambao hadi leo wananiita "ule anaoshaka mwezi". Ni wewe uliyelieneza jina hilo pale ziwani, na jana mmoja wao aliniuliza bila kucheka Mwezi ulikuwa umechafuliwa na nini. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi.

Niruhusu basi nianze mbali, kama ulivyokuwa ukianza wewe ukiulizwa hata njia ya kwenda sokoni.

Nakumbuka mgongo wako kuliko ninavyoukumbuka uso wako. Asubuhi ulikuwa unapandisha chukudu kutoka ziwani, bidoni za njano, yale madumu ya maji, zimepangwa juu ya ubao na kufungwa kwa mipira ya tairi, shati limekushika mabegani, na mimi nakuja nyuma nikisukuma kwa mikono miwili nikiamini kwamba bila mimi usingefika. Watu wa mbali hushangaa wakisikia kwamba mji uliokaa kando ya ziwa kubwa namna hii una shida ya maji. Wewe hukuwa na muda wa kushangaa, ulikuwa unayaleta. Na nyumbani kwetu maji hayakufa mara moja. Yaliyosuuza mchele yaliosha vyombo. Yaliyoosha vyombo yalipiga deki. Yaliyopiga deki yalinyunyizwa uani kulaza lile vumbi jeusi la lava. Mama alikuwa na beseni tatu, na ulizijua kwa rangi zake kuliko ulivyozijua nguo zako mwenyewe.

Nilikuonea haya, Papa. Nalisema sasa kwa sababu sikuwahi kulisema. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari, na rafiki yangu wa shule alikuja tufanye mazoezi ya hesabu pamoja. Alinawa mikono, akainua beseni aende kumwaga nje, kama mtu yeyote anavyofanya kwao. Ukatoka ndani mbio, kiatu mguu mmoja.

"Ee mutoto, usimwange! Ile mayi iko na kazi bado!"

"Kazi gani, Papa?" aliuliza yule msichana, akijizuia kucheka.

"Sijajua bado. Njo maana usimwange."

Aliifikisha habari hiyo shuleni kesho yake asubuhi, na kwa muhula mzima jina langu likawa "Mayi iko na kazi". Sikumleta tena rafiki nyumbani mpaka nilipomaliza shule. Na wewe hukuniuliza kwa nini, ingawa uliuliza kila kitu kingine chini ya jua.

Maana ulikuwa mtu wa maswali kweli. Shule uliiacha darasa la tano, maswali ukatoka nayo yote. Zile siku chache ambazo upepo uligeuka na kutuletea pumzi ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto, tulikuta juu ya mabati chembe nyeusi za kioo, nyingine nyembamba kama nywele, nyingine mviringo zenye mkia. Ziliziba mfereji wa mvua na kuharibu maji ya pipa. Kazi yangu ilikuwa kupanda ngazi, kuzikusanya kwenye sahani na kuzisuuza: maji kidogo, zungusha, mimina kwenye kopo, maji kidogo tena. Maji yale ya kopo ulikataza tusiwape kuku, kwa kuwa yalikuwa na ukali na harufu ya kiberiti kilichozimwa. Hukuyamwaga, bila shaka. Uliyaoshea magurudumu ya chukudu. Kisha tuliziweka chembe juani, tukainama juu yake mimi na wewe, vichwa vikikaribia kugongana.

"Hii ilikuwa moto," ulisema. "Ilikuwa kama uji ya moto, ikaruka. Sasa nani aliiviringisha? Ku mulima hakuna mutu."

Nikakwambia labda ni upepo. Ukasema upepo hauna mikono. Nikakwambia hata tone la mvua ni mviringo na hakuna anayeliviringisha. Ukaisukuma chembe ile kwa kidole huku na huku, kisha ukatangaza kwamba nitakuwa mtu wa mawe. Nilikuwa na miaka tisa na nilidhani unanitania.

Sasa njoo nami maabara. Vumbi la Mwezi tulilopewa kwa mkopo lingeweza kukaa kwenye ukucha wa kidole chako kidogo na nafasi ikabaki. Kazi yangu ilikuwa kuketi mbele ya hadubini, ile mashine ya kukuzia vitu, na kutenga shanga ndogo za kioo kutoka kwenye vumbi, moja moja, kwa ncha ya sindano. Shanga hizo ni za aina mbili. Nyingi zilizaliwa kimondo kilipoupiga Mwezi, mwamba ukayeyuka na kuruka kila upande. Nyingine, chache mno, zilitapikwa na volkano, enzi Mwezi ulipokuwa bado na moto tumboni. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Palikuwa na sahani moja ya shanga za rangi ya chai nzito, na kila aliyezitazama kabla yangu alikuwa amezihesabu kuwa za vimondo. Mimi zilinisumbua. Baadhi zilikuwa na mkia. Nilimwambia Madame, naye akanijibu kwa upole kwamba mkia hauthibitishi kitu, hata za vimondo huwa nao. Alisema kweli, lakini usingizi wangu haukukubaliana naye.

Siku ya kosa ilikuwa saa nane mchana, mwanga mzuri, hakuna aliyenisukuma wala kuniharakisha. Nilitaka tu kuziona vizuri, na zilikuwa na vumbi. Mkono wangu ukachukua chupa ya maji ya maabara, yale yaliyosafishwa mpaka hayana hata chumvi, ukatia kidogo, ukazungusha, ukamimina kwenye kichupa kipya kilichokuwa pembeni, ukatia kidogo tena. Mkono ulimaliza kazi ndipo kichwa kikafika. Kwenye mfuniko wa sahani palikuwa na karatasi niliyoiandika mimi mwenyewe wiki iliyotangulia, kwa herufi kubwa: ZISIGUSWE NA MAJI. Maana maji yanaweza kuondoa kilichoganda juu ya shanga, na kilichoganda juu ndicho kinachosimulia shanga ilikozaliwa.

Maji yakimwagika hayazoleki, hilo tulifundishwa. Hakuna aliyetufundisha la kufanya mtu akishaosha asichopaswa kuosha.

Ofisi ya Madame ilikuwa milango miwili kutoka pale. Sikwenda. Nilikupigia wewe, Goma, na ulipokea ukiwa ziwani, nikasikia bidoni zikigongana na watu wakibishana nani alitangulia.

"Papa, nimeharibu."

"Umeharibu nini?"

Nikakueleza yote, shanga, vumbi, karatasi, huku nikilia kama niliyevunja kikombe cha wageni. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Nilijua utauliza kitu, lakini nilitegemea utauliza kama watanifukuza.

"Na ile mayi," ulisema, "uliimwanga?"

"Apana. Iko mu chupa."

"Uliichunga juu ya nini, sababu gani?"

"Sijui, Papa. Ni mukono tu."

Ukacheka. Nilikasirika kidogo uliponicheka, nakiri. "Basi haujapoteza kitu," ulisema. "Chenye kilitoka ku ile mawe kiko mule. Enda umwambie ule bibi sasa hivi, kabla akuulize."

"Batanifukuza."

"Bakikufukuza, utarudia ku nyumba. Chukudu iko." Kisha sauti yako ikashuka. "Mficha uchi hazai, Neema. Enda."

Nikaenda. Madame alinisikiliza bila kubadilisha uso, akaomba kichupa, akakiandika tarehe na jina langu, akakifungia kwenye friji. Aliniambia nisiguse tena sampuli yoyote mpaka aniite. Hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia. Siku zilizofuata nilipewa kazi ya kupanga vitabu vya idara. Nilikula mkate peke yangu kwenye ngazi na kuwaza jinsi mtu anavyoweza kurudi Mabanga bila kupita mbele ya majirani. Haiwezekani, unajua mwenyewe jinsi avenyu yetu ilivyo.

Na katikati ya siku hizo ukafa, Papa.

Ilikuwa homa ya siku nne. Mama anasema ulikataa kwenda kituo cha afya mpaka siku ya tatu, ukidai ni uchovu tu. Sikuweza kuja. Nilihudhuria maziko yako kwenye simu ya binamu yangu. Picha ilikatika padri alipoanza kuomba, na iliporudi watu walikuwa wanakung'uta udongo viatuni na kuondoka. Niliingia bafuni nilie, nikafungua bomba ili jirani wa chumba cha pili asinisikie. Baada ya muda nikaona jinsi maji yalivyokuwa yanakwenda bure, nikalifunga, nikaendelea kulia bila bomba. Jirani alisikia yote na akaniletea supu.

Madame aliniita wiki mbili baadaye. Nilidhani ameniita kuniaga. Mezani kwake palikuwa na karatasi ya vipimo na kichupa changu, maji yake yamepungua. Alikuwa ameyapima kwa udadisi tu, aliniambia, kwa kuwa yalikuwepo. Ndani ya maji yale mlikuwa na zinki, na salfa, na chumvi, kwa kiasi ambacho vumbi la kawaida lisingeweza kukitoa. Nilimwuliza vimetoka wapi. Alinirudishia swali, kama ambavyo ungefanya wewe: mimi nadhani vimetoka wapi?

Nikafikiria mabati yetu. Nikafikiria ule ukali kwenye kopo na kuku waliokatazwa kunywa. Tone la volkano likiruka hupita ndani ya moshi wa volkano yenyewe, na moshi ule huganda juu yake likipoa. Nikamwambia, ni pumzi ya mlima. Hizi si za kimondo.

Akaitoa ile sahani. Zilikuwa zimebaki shanga chache za rangi ile ile ambazo mkono wangu haukuzifikia. Tuliziingiza kwenye mashine inayosoma ngozi ya kitu bila kukikwaruza, na pale juu tukaona utando mwembamba sana, wenye vitu vile vile. Tukaichovya moja kwenye tone la maji na kuipima tena. Utando haukuwepo. Tukalipima tone, na vile vitu vikaonekana humo. Madame alivua miwani, akasema neno moja la lugha ya kwao ambalo sitaliandika katika barua inayoweza kumfikia padri.

Ugunduzi wenyewe ni huo, Papa, ukiondoa hesabu zake. Shanga ambazo watu waliziweka kando ni matone ya volkano ya Mwezi, na ushahidi wake unayeyuka kwenye maji. Ninajiuliza ni ngapi kama hizo zimeshaoshwa mahali pengine, maji yake yakaenda na bomba, na mtu akaandika kwa nia njema kabisa kwamba ni za kimondo. Tena ninajiuliza kuhusu ile pumzi. Kama mlima ulikuwa unapumua kule, na kule hakuna hewa ya kuishika, pumzi ilienda wapi? Nasikia kabisa unavyolisema hilo, mkono mmoja kwenye usukani wa chukudu. Hatujui bado. Ndilo ninalotaka kulifanyia udaktari wangu, wakiniruhusu.

Hapo ndipo anaporudi yule mtu wa tatu na "kwa nini" yake.

Jana niliandika majibu mawili. La kwanza lilisema maji yalihifadhiwa kwa tahadhari. Ni jibu zuri, limevaa tai, na lingepita bila mtu kugeuka. Lakini ni uongo, kwa sababu mtu mwenye tahadhari asingeziosha. Nikalifuta. La pili lilisema mwanafunzi alihifadhi maji kwa mazoea. Nalo nikalifuta, maana nilijua atauliza tena: mazoea gani, ya wapi, kwa nini? Mimi mwenyewe nikaanza kuuliza. Maisha yangu yote nimedhani najua sababu yako. Uliyapandisha maji kwa mgongo, basi ulijua uzito wake. Lakini wenzako wote wanayapandisha kwa migongo, na jana nimewaona kwa macho yangu wakinawa na kumwaga barabarani bila wasiwasi wowote.

Asubuhi ya leo nikamwuliza Mama.

"Mama, juu ya nini Papa alikuwa anakataza kumwanga mayi?"

Hakuinua uso kutoka kwenye maharage. "Zamani hakukuwa vile. Alikuwa anamwanga kama bwana-mukubwa."

"Ilianza wakati gani?"

"Ilianza na wewe."

Hili hukuwahi kuniambia. Nilijua tu kwamba nilizaliwa wiki ile lava iliposhuka na kupita katikati ya mji, kama wanavyojua watoto wengi wa umri wangu. Sikujua lolote kuhusu maji. Mama anasema habari za moto zilipofika, nyumbani palikuwa na bidoni moja iliyojaa na beseni la maji mliyofulia nguo zangu za kwanza. Uliyamwaga yote uani upate nafasi ya godoro kwenye chukudu. Ulimwambia mnaelekea Sake, barabara inafuata ziwa, maji hayawezi kukosekana. Kesho yake mchana bado mlikuwa njiani, jua na majivu juu ya vichwa, na watu kwenye msafara wakipiga kelele kwamba ziwa limechemka, ziwa lina gesi, asiyanywe mtu maji yake. Hukuthubutu kuyachota. Mama alikuwa na siku sita tu tangu ajifungue.

"Maziwa ilikatala kutoka," Mama alisema. "Ulilia, ulilia, mpaka ukaacha kulia. Njo pale Papa yako aliogopa."

Karibu na Mugunga palikuwa na mwanamke mzee ameketi kando ya barabara na mzigo wa viazi na sufuria iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Ndani ya sufuria yalikuwamo maji aliyooshea viazi vile kabla ya kukimbia. Mtu ameacha nyumba, ameacha mbuzi, amebeba maji machafu ya viazi. Alimtazama Mama, akakutazama wewe. Alichota kikombe, akampa. Kisha cha pili. Yalikuwa na rangi ya udongo.

"Nilikunywa yote," Mama alisema. "Nyuma ya wakati kidogo maziwa ikakuja. Ukanyonya. Papa yako alikuwa anaangalia ile sufuria tu, anaangalia, mayi inamutoka mu macho. Hakusema kitu."

"Hakumuuliza kitu? Papa?"

"Hata jina. Msafara ilitusukuma, tukaenda." Hapo ndipo Mama alipoinua uso. "Njo kutoka ile siku akaanza kumutafuta. Mbona unafikiri alikuwa anabebea bamama bazee bidoni zao pale ku ziwa? Alikuwa anaangalia sura."

"Alimpata?"

"Hakuniambia, mwanangu."

Nililia, Papa, na safari hii si kwa huzuni peke yake. Niliwaza kile kiatu kimoja mguuni na jinsi nilivyokuonea haya. Mama aliniacha nilie, kisha akanisogezea sinia la maharage ili mikono ipate kazi.

Jibu nimelituma sasa hivi. Nimeandika kwamba maji hayakuhifadhiwa kwa utaratibu wowote. Kwamba niliziosha shanga kwa kosa langu mwenyewe, nikiwa na karatasi ya onyo mbele ya macho yangu. Na kwamba sikuyamwaga kwa sababu nilikulia katika nyumba ambayo baba alikataza maji kumwagwa. Nikaambatisha vipimo vya chupa tupu ya aina ile ile, wasije wakasema uchafu ulikuwa wa chupa. Madame amejibu kwamba ni sawa na kwamba nisifute hata neno. Sijui mtu wa tatu atasemaje. Huenda akaikataa makala yote, na nitarudi kuishi hapa Mabanga mapema kuliko nilivyopanga. Lakini nimeiweka kweli mezani na imekaa.

Limebaki jambo moja. Mwisho wa makala kuna mahali pa shukrani, na Madame ameniuliza kama nina mtu wa kumtaja. Nimekutaja wewe, jina lako lote, kama lilivyo kwenye kadi yako ya ubatizo. Mwaka mwingine mtu akiisoma, atajua kwamba msukuma chukudu mmoja wa Goma alikuwa na mkono katika habari za Mwezi. Chini yako nimeacha mstari mtupu wa yule mwanamke wa sufuria, na siwezi kuujaza. Nimemwuliza Mama mara tatu kama anakumbuka hata kusikia mtu akimwita Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake. Hakumbuki.

Alikuwa mzee tayari wakati ule, kwa hiyo nadhani yuko upande wako sasa. Pumzika, Papa, umebeba vya kutosha. Lakini ukikutana naye huko, na safari hii hakuna msafara wa kuwasukuma, mwulize jina lake.

Mimi binti yako, uliyemwita mtu wa mawe,
Neema